Mwaka Mtafiti wa Mawe Alipokaa Kwa Bibi

Wiki iliyopita lori lilimwaga kokoto karibu na ninapoishi. Nikasimama mlangoni nikinusa vumbi la jiwe lililotoka kupasuliwa, na harufu hiyo, rafiki yangu, ikanirudisha Maretadu, nyumbani kwa bibi, mwaka ule mvua ilipogoma.

Nilikuwa darasa la nne. Kila asubuhi nilimswaga punda hadi chemchemi, madumu yakigongana ubavuni mwake, na kila asubuhi foleni ilikuwa ndefu kuliko jana. Mahindi yalikauka kabla hayajanifika magotini. Bibi alipika makande mara moja tu kwa siku, na harufu yake ilitufanya tusogee jikoni mapema bila kuitwa.

Ndipo akaja mtafiti wa mawe, mwalimu wa chuo kikuu, bibi akampa chumba cha uani. Mchana kutwa tulisikia nyundo yake vilimani, ngo, ngo, ngo. Jioni alipanga vipande vyake ukutani na kunieleza. Hili lenye chembe zinazong'aa ni itale. Lilikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, likapoa polepole mno. Hili jeusi lenye vitundu, alilolitoa mlima Hanang, lilitapikwa na mlima likapoa upesi. Mimi nililishika lile jeusi nikidhani bado lina joto.

Bibi alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwanangu, kama unajua mawe yalikotoka, huwezi kukosa kujua maji yaliko."

"Bibi, mimi si mtu wa maji. Hata vifaa sina."

"Ng'ombe wangu hasimami tangu jana. Nimwulize nani mwingine?"

 Kesho yake mtafiti alizunguka kilima, akaonyesha mahali mwamba mweusi ulipopenya katikati ya itale. "Labda hapa, pana nyufa," alisema. "Lakini siahidi."

Hilo la mwisho hakuna aliyelisikia. Majirani walichimba siku tisa, sisi watoto tukivuta udongo kwa ndoo. Siku ya tisa sururu ikagonga jiwe zima, cheche zikaruka. Hata unyevu haukuwepo. Mtafiti alishuka mwenyewe, akapapasa kuta za shimo, akakaa humo muda mrefu. Alipopanda, machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Mnisamehe," alisema.

Jirani yetu, viganja vimemchubuka, akamjibu, "Hukutudanganya. Ni sisi tuliotaka sana."

Ng'ombe alikufa jioni hiyo. Bibi alikaa chini kando yake, mkono juu ya pembe, na mtafiti akasimama nyuma yake. Mvua ilikuja baadaye sana, ikazoa udongo badala ya kuulowesha. Bibi hakufuga tena.

Leo bibi hayupo, chemchemi imemezwa na magugu, na nyumba yetu imebaki msingi. Kuna bomba, linatoa maji siku likitaka. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi mtafiti alipokuwa akifunga magunia yake ya mawe. Nilimwendea nikamwuliza mvua itanyesha lini. Alichuchumaa akanitazama machoni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kwa kweli sijui."

Nami nikamsaidia kufunga kamba, maana sikuwa na kingine cha kufanya.