Picha Nzuri ya Mwenyekiti

Fundi cherehani wetu wa Kaloleni huzungumza pini zikiwa mdomoni, na hukimbia futi yake ikining'inia shingoni. Alipokuwa akitibiwa saratani, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mtaa alimfuata hadi wodini akamwomba picha nzuri, "ya maandalizi tu, mama." Kamati yetu haipendi kuchelewa, ikachapisha fulana zenye sura yake na maneno Pumzika kwa Amani. Alipopona alizidai zote, akazikata mikono, na Jumamosi akavaa moja kwenye marathoni ya kuchangia wagonjwa wa saratani. Kabla ya kufika mji wa Mwatate alimkuta mwenyekiti, naye mkimbiaji siku hiyo, ameketi kando ya barabara, anahema, viatu amevua. Fundi akasimama, akatoa simu.

"Tabasamu, mwenyekiti," akasema. "Ni ya maandalizi tu."