Siku Niliyogoma Kula Gisenyi

Mtaani kwetu Korogwe, mtu akifiwa akiwa safarini, mimi ndiye ninayetumwa stendi kwenda kumpokea. Kazi hiyo nimeifanya tangu wanangu wakiwa wadogo. Unakwenda unacheka. Unampokea mzigo kabla hajakanyaga chini. Unamwuliza habari za njiani na unazisikiliza zote, hata ile ya kuku aliyetoroka ndani ya basi. Akikuuliza mbona fulani hakuja, unamwambia ana kazi kidogo. Simu yake unaiomba mara moja, yako eti haina salio, kisha unaisahau mfukoni mwako ili asipigiwe na mropokaji. Unampeleka kwa jirani, anaoga, anakula. Akishashiba ndipo wazee wanaingia na kukaa. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa na njaa tumboni na vumbi miguuni. Akianguka, nani atambeba?

Sasa mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo, kusafiri kwake ni mateso. Kila anayenichekea stendi namtazama mara mbili.

Mwaka juzi nilikwenda Gisenyi kumwona binti yangu. Ameolewa huko, kwa watu waliokaa Karagwe miaka mingi kabla ya kurudi kwao Rwanda, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa. Nyumbani nilimwacha mama yangu mzazi anapeta mchele uani, ananifukuza niende: "Nenda ukamwone mjukuu wangu, mimi una nini cha kunitazama?" Nikalala njiani, nikalala Kigali, na Jumamosi asubuhi nikapanda basi la Gisenyi. Laini yangu ya simu ilikuwa imekufa tangu mpakani, lakini tulishapatana. Binti atakuwa stendi, ananingoja.

Nikashuka, binti hayupo. Aliyekuwapo ni mkwe wangu, mama wa mume wake, anacheka hadi magego yanaonekana. "Karibu mkwe! Karibu sana! Lete mzigo!" Na begi alishalishika, mguu wangu mmoja ungali kwenye ngazi ya basi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Ana kazi kidogo."

Jamani! Maneno yangu hayo. Yangu kabisa, na sauti yake ile ile ya kupanda mwishoni, ya kumfanya mtu aone haya kuuliza tena. Mimi sikuona haya. "Kazi gani na tumbo lile?"

"Si unawajua vijana? Atatukuta mchana. Wewe ni mgeni, njoo nikutembeze uuone mji. Usije ukarudi Tanzania ukasema hukuonyeshwa kitu." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu: "Na simu yako nipe nikuchajie."

"Imejaa."

"Basi nikubebee."

Nikaichukua simu nikaichimbia kifuani. Nikasema ninunuliwe laini ya Rwanda sasa hivi, duka lile pale liko wazi. Akasema tutanunua baadaye, foleni ndefu. Foleni yenyewe ilikuwa mtu mmoja, naye anaondoka. Nikamfuata kwa sababu sikujua njia nyingine, lakini njiani nikawa najihesabia. Mimba ya kwanza. Tumbo kubwa. Kazi kidogo.

Begi akaliacha dukani kwa mtu wao, tukateremka ziwani. Gisenyi ni mji mzuri, sitausingizia. Barabara ya kando ya ziwa imepandwa miti mikubwa na minazi ile isiyozaa, na upande wa pili yamejipanga majumba ya zamani ya wakoloni. Mengine yamepakwa rangi yamekuwa hoteli, mengine yamebaki na madirisha yake ya mbao na bustani imeota ovyo. Watu walikuwa wanapigana picha. Mkwe akawa ananieleza: hii alikaa daktari wa Kibelgiji, hii alikaa bwana forodha, pale mbele ukienda unafika mpakani, ng'ambo ni Goma, na ule mlima wenye moshi ni volkano. Nikawa naitikia ehe, ehe, na sisikii kitu. Tukageuka, tukairudia njia ile ile, akanionyesha nyumba ya yule daktari akasema hapa alikaa padri.

"Mkwe, hii si ya daktari?"

Akasimama akaitazama nyumba. "Walikaa wote," akasema.

Mwongo! Kichwa chake hakikuwa pale. Na kila tulipopiga hatua mbili, simu yake ilimlilia. Anaitazama, anasogea kando kwenye kivuli, anaongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini na mgongo amenigeuzia. Kinyarwanda sikijui, lakini neno mama ni mama kila mahali, nalo nililisikia zaidi ya mara moja. Akirudi anacheka tena.

Nikajaribu kujituliza. Nikajiambia wewe mwanamke una wasiwasi wa kuku wa kienyeji, kila kivuli unadhani ni mwewe. Palikuwa na mama anachoma mahindi kando ya njia, na mimi sikuwa nimetia kitu tumboni tangu Kigali. Nikasema ngoja ninunue hindi nitafune tukitembea. Mkwe akanivuta mkono kama nimetaka kuvua nguo. "Hapana mkwe, huku mtu mzima hali barabarani, ni aibu. Watu watakushangaa. Twende nyumbani ukale. Chakula kiko tayari, ukale vizuri, ushibe."

Ushibe! Nikaona wazee wamekaa sebuleni wananingoja. Nikaona mkeka.

"Sina njaa," nikasema.

"Si umetaka hindi sasa hivi?"

"Imepita."

Na hapo ndipo nilipoapa moyoni. Sili. Mpaka nimwone mwanangu kwa macho yangu, anapumua, tone la chai halipiti kooni mwangu. Maana niliijua sheria kuliko yeye: nisipokula hawawezi kuniambia, na wasiponiambia haijawa.

Akanikalisha kwenye kibanda cha pale ufukweni, akaniagizia soda. Mwuzaji akaileta imefungwa, akaifungua mbele yangu, na kabla sijanyoosha mkono mkwe akaichukua chupa yangu akapiga funda moja, ndipo akanipa. Ala! Nikamkodolea macho. Akaniambia hiyo ni heshima ya kwao, mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu.

"Mkwe, mimi siogopi sumu," nikamwambia, nikaisukuma chupa kwake. Akainywa yote taratibu, anatazama maji. Ziwa lilikuwa limetulia, mitumbwi ya wavuvi imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, nyavu zimeanikwa. Nilitamani nilifurahie. Nilikuwa nimemwahidi binti kwamba tutalitazama pamoja.

Chini kidogo wanawake walikuwa wanauza sambaza, dagaa wa ziwa lile, kwenye mabeseni. Mmoja wao alimjua mkwe. Alikuwa na sauti kubwa, kitenge cha njano na Kiswahili cha ng'ambo, cha Goma. "Mama, njo uone, sambaza iko muzuri, ni ya asubui hii! Mi siuzaki kitu ya kulala!" Mkwe akanunua bakuli moja. Mwanamke akawa anapima huku ananitazama kutoka kilembani mpaka kandambili. "Bon, ni ye huyu, mama ya Tanzania?" Mkwe akaitikia kwa nyusi. Uso wa yule mwanamke ukabadilika. Akaacha kupima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye magamba ya samaki. "Pole sana, mama. Pole sana."

Mkwe akakohoa. "Pole ya safari," akasema haraka. "Ametoka mbali."

"Ee, ya safari," yule mwanamke akasema, akainama kwenye beseni.

Sikuweza tena. Nikamgeukia mkwe palepale mbele za watu, sauti imenipanda. "Mwanangu yu hai?"

"Mkwe, mbona unasema hivyo?"

"Nimekuuliza. Yu hai au hayu hai?"

"Yu hai. Haki ya Mungu yu hai."

Haki ya Mungu! Haki ya Mungu hiyo nimewaapia watu stendi mara ngapi, na Mungu ananiangalia? Nikasema tunaondoka, tunakwenda nyumbani, na nyumba yoyote nyingine ya daktari au ya padri nikionyeshwa nitaitia moto. Akasimamisha pikipiki mbili. Kwao ni Nyamyumba, kusini mwa mji, barabara inafuata ziwa na kupita kiwanda cha bia. Nikavalishwa kofia ngumu ya abiria, kioo kikashushwa, na humo ndani nikalia. Nililia vizuri, kwa sauti, dereva hakusikia au alijifanya. Nikawa namhesabia mwanangu mambo yake yote: alivyochelewa kutembea, alivyokuwa anaficha sukari kwenye viatu. Nikamlaani na mume wake kwa kumleta mbali.

Tukafika. Sebule imefagiwa, viti vimepangwa ukutani, na mezani chakula kimefunikwa. Viazi, maharage, kisamvu, na zile sambaza mkwe akazipeleka jikoni zikakaangwa. Harufu yake, Mungu wangu, tumbo lilinguruma mpaka nikaona haya.

"Kula kwanza, mkwe."

"Sili."

"Kidogo tu."

"Mlete mwanangu, nitakula. Usipomleta, hiki chakula tutakitazama mpaka kiote ukungu."

Akakaa mbele yangu ameshika upawa, na mimi nimekunja mikono. Tukawa tunatazamana hivyo, wakwe wawili watu wazima, kama watoto walionyang'anyana mwanasesere. Mwisho akaweka upawa chini, akatoka nje na simu yake. Nikasikia anaongea karibu na dirisha. Kisha geti.

Akaingia binti yangu.

Kwa miguu yake! Tumbo mbele, kanga niliyomtumia mwenyewe, anapumua. Sijui niliinuka vipi. Nilimkumbatia, nikampapasa uso, nikalipapasa tumbo, mtoto akanipiga teke kiganjani. Nikamtukana. "Shetani wewe! Umeniua! Nimekuzika mimi leo, unajua? Nimekuzika juu ya pikipiki!" Nikacheka nikalia, nikacheka tena. Akasema, "Samahani Mama," akanikalisha, akaninawisha mikono, akanipakulia.

Nikala. Jamani nilikula! Njaa yote ya kutoka Korogwe ilinirudia kwa pamoja. Nikawa nawasimulia mdomo umejaa, kazi kidogo yao, foleni ya mtu mmoja, nyumba ya daktari na padri, na nikamwomba mkwe radhi kwa kelele zangu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilidhani wamechoka. Binti alikaa karibu yangu ananimenyea viazi, na mimi viazi namenya mwenyewe tangu nizaliwe.

"Habari za njiani, Mama?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya dereva aliyegombana na kondakta, na ya mama aliyetapika mpaka Rusumo. Akazisikiliza zote. Hakunikatisha hata mara moja, na huyu mtoto tangu utoto hajawahi kuniacha nimalize sentensi. Nywele za kwenye paji la uso zilikuwa mbichi, ametoka kunawa. Macho yamevimba kidogo.

"Naomba simu yako mara moja," akasema. "Yangu haina salio."

Nikaitoa kifuani nikampa. Akaishika kidogo bila kuipiga popote, akaitia mfukoni mwa gauni lake.

Nikalirudisha tonge sahanini. Dalili zote za asubuhi ile nilikuwa nimezisoma sawasawa. Aliyekufa tu ndiye niliyemkosea.

Nikamtazama mkwe, akatazama sakafu. Nikamtazama binti, akatazama sahani yangu, anapima nimebakiza nini. Kazi yangu aliifanya. Nyumbani nilikuwa nimewaacha mama yangu, na dada yangu, na kijana wangu wa mwisho aliyeko Tanga anayeendesha bodaboda kama kichaa. Mmoja wao. Nikiuliza sasa hivi, ataniambia, hataweza kujizuia, na ataniambia kabla ya wakati, na tumbo lile.

"Niongezee sambaza," nikasema.

Akaniongezea. Nikala moja moja, nikitafuna mpaka zinakuwa uji. Hazikuwa na ladha tena. Maadamu natafuna, wote watatu kule nyumbani walikuwa wazima, mama anapeta mchele wake, dada anamgombeza, kijana yuko barabarani. Mume wa binti akaingia kwa mlango wa nyuma na mzee mmoja wa jirani, wakanisalimu kwa heshima, wakakaa kwenye vile viti vya ukutani. Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe. Nikanyoosha mikono, binti akaninawisha, akanifuta vidole kimoja kimoja.

Mzee akasafisha koo. Mimi nikamtazama mwanangu.

"Nani?"

"Bibi," akasema. "Alfajiri ya leo. Alikuwa amelala tu."

Nikamvuta akae karibu yangu, maana alikuwa bado amesimama na birika la maji mkononi.

"Umefanya vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Kaa chini sasa. Na wewe ule."