Wimbo wa Skola na Kinywa Changu

Nakumbuka siku ile gari la redio, ile ya serikali, lilipopanda mpaka huku kwetu Titye, na kinasa sauti kizito, wanaume wawili wanakishusha.

Mwanangu, mimi nilikuwa na sauti! Sasa hivi nakwaruza, ila wakati ule nikiimba shambani, wa ng'ambo ya bonde walisimamisha jembe. Kutunga ndiyo sikujua. Mtungaji alikuwa rafiki yangu Skola, na siku hiyo yuko ndani na kichanga cha siku tatu. Nikauimba wimbo wake wa kumuaga bibi harusi. Baba wa redio akauliza, "Katunga nani?" Kinywa changu, sijui nani alikituma, kikajibu, "Mimi."

Mwezi wa pili wimbo ukatoka kwenye redio ya dukani. Na jina langu! Nikacheza mpaka kanga ikadondoka. Kugeuka, Skola huyo mlangoni, mtoto mgongoni. Akachukua chumvi yake, akaondoka.

Nyumbani bibi yangu alikuwa anachambua maharage. Hata kichwa hakuinua.

"Mtoto wa Skola mzuri, eeh? Kesho kambebe, useme umemzaa wewe."

"Bibi, wimbo si mtoto."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kamuulize."

Nikakosa pa kuweka uso. Kalamu siijui, nikamfuata mwalimu akaniandikia barua ya redioni: wimbo ni wa Skola, mimi nimetoa sauti tu. Wakaisoma, mwanangu, nchi nzima inasikia! Pale dukani wakanizomea, "Mwizi wa nyimbo huyoo!" Nikavumilia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake.

Lakini gari likarudi, sasa linamtafuta mwenyewe. "Mama, nyingine unazo?" Skola akawamwagia nyimbo kumi na moja, hata maji hakunywa. Mtoto kambeba nani? Mimi!

Ndiye Skola huyu mnayemsikia mpaka leo. Hata Nduta, kambini kwa wakimbizi, Warundi wakiozesha, wanaimba zake. Likitajwa jina lake redioni napiga vigelegele peke yangu. Juzi nikamtania, "We Skola, bila uongo wangu ungekuwa wapi?"

"Sema bila barua yako, mwizi wee!"

Basi mwanangu, nyie mnaorekodi kwa simu na kurushiana, cha mwenzio kibebe, kichezeshe, ila ukiulizwa mama yake nani, mtaje. Jina la mwenzio halikupunguzii sauti. Mungu akupe koo zuri, akupe na rafiki wa kukutungia, na siku utakapokosea akupe bibi kama wangu. Amahoro, amani ikukalie.