Asante ya Bi Saumu

Nilipokuwa mtoto kule Mwera, enzi za Mwingereza, ukipewa dawa hukusema asante. Uliipokea, ukageuka, ukaenda zako kama mtu aliyeudhiwa. Ilisemekana ukimshukuru mganga, ugonjwa unarudi. Bibi yangu, Mwanahamisi, mganga wa degedege, alilisimamia hilo kuliko wote. Aliyesahau alifokewa: "Wee! Wataka maradhi yamrudie mwanao?"

Basi akafa mtoto wa jumbe. Bibi hata hakuwa ameitwa kumtibu, lakini jumbe alikwenda bomani Pangani akasema mtoto kaliwa na mchawi, na mchawi ni bibi yangu. Mzungu wa serikali, tuliyemwita Bwana Shauri, akaja kufanya baraza. Askari waliumwaga mkoba wa bibi mezani: mizizi, majani makavu, kipembe cha mbuzi. Vitu vya kuponyea watoto, wakavitazama kama mzoga.

Mkalimani akauliza, "Yupo aliyetibiwa na mama huyu akapona? Aseme." Sisi ndugu hatukuruhusiwa kusema.

Nusu ya akina mama pale walikuwa na watoto aliowaponya. Jirani yetu Bi Saumu alikuwa amempakata Bakari wake, aliyepona degedege juzijuzi tu. Nilimkodolea macho. Akamfunika mtoto kwa kanga, akainama. Wote wakainama. Kumsemea bibi mbele za watu kungekuwa ndiko kumshukuru.

Bibi naye hakumtaja mtu. "Waache," alimwambia mama yangu aliyekuwa akilia. "Wana watoto."

Bwana Shauri akaamuru ahamishiwe Horohoro, mbali kule mpakani, marufuku kurudi, marufuku kutibu. Tulimrudisha akiwa maiti.

Matangani Bi Saumu alijitupa mkekani akilia, "Asante, Bi Mwanahamisi! Asante, dada yangu!" Wanawake walimziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka. Mimi nikamtazama Bakari, nikingoja aanguke.

Hakuanguka. Leo ni babu mwenye wajukuu, ana afya kunizidi. Tukikutana njiani huniamkia shikamoo kwa adabu zote, nami huitikia marahaba nikitazama kando. Sina kinyongo naye. Alikuwa mtoto wa kupakatwa. Hasira yangu ni kwa siku ile. Kila nikimwona anatembea wima, najua kwamba mama yake angeweza kusema pale barazani, na Bakari asingepatwa na lolote.