Mkono Alioukataa Mbinya

Mbinya ni fundi wa stima pale Kola, na swichi yako ikianza kunuka kuungua utamwita yeye, umpende usimpende. Wengi hawampendi. Ni mkali, hachekicheki na wateja, na ukithubutu kumuuliza stima ni nini, chai yako itapoa akiwa bado anakuhubiria.

"Waya iko na chembe ndogo ndani, elektroni, hata ikilala dukani," husema. "Haziendi mahali. Mpaka upande moja isukumwe kushinda ile ingine. Bila hiyo tofauti, hakuna safari." Kisha hukukazia macho na kukuambia kwamba chembe zenye chaji zimo pia kwenye udongo uliolowa, na kwenye damu yako, zinangoja tofauti hiyo hiyo. Watu hucheka, halafu wanaacha.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua kubwa, tawi lilikata waya wa laini kubwa ukaangukia shamba la Muthoka, mdogo wake wa pekee. Ng'ombe wa Muthoka alikuwa amelala ubavu, mbali kabisa na waya. Hapakuwa na cheche wala moshi. Palikuwa kimya hata aliyesimama barabarani aliweza kumsikia mnyama akihema, na nyasi zilizomzunguka zilikuwa mbichi kama jana.

Huku kwetu, ng'ombe akijifia, nyama yake haiendi jikoni. Sharti kisu kimkute roho ingalimo. Kwa hiyo majirani walikuwa wamejaa uani na masufuria yao, na Muthoka alishaingia shambani, kisu mkononi.

"Chinja haraka, isikufe!" akapaza sauti Ndunda, jirani wa upande wa juu.

Mbinya alikuja mbio. Alikuwa ameshapiga simu laini izimwe, na ilikuwa haijazimwa. Alimkuta ndugu yake amesimama ghafla katikati ya majani, uso umempauka.

"Dada, kuna kitu inatembea kwa miguu yangu."

"Usiinue mguu! Unganisha miguu! Wachana na ng'ombe!"

Alijua kilichokuwa chini ya zile nyasi. Waya ulikuwa unamwaga msukumo wake ardhini, mwingi pale ulipolala, ukipungua kila hatua kwenda mbali. Anayepanua miguu anakanyaga sehemu mbili zisizolingana, na stima inapanda mguu huu ikashukia ule. Ng'ombe, na miguu yake minne iliyoachana, hakuwa na bahati.

"Buruta miguu ikiwa imeshikana," alisema. "Kidogo kidogo. Kuja kwangu."

Muthoka akaanza kujiburuta, nusu unyayo kwa nusu unyayo. Nyuma yake ng'ombe akaacha kuhema. Uani mtu alisonya, nyama imepotea. Ilikuwa saa tatu, jua limetoka, na kila mtu aliona shamba la kawaida tu, na mwanamume mzima akitembea ndani yake kama aliyefungwa kamba asiyoiona mtu.

Zilipobaki kama hatua mbili, akayumba. Akanyoosha mkono.

"Nishike, Mbinya. Naanguka."

Mwili wote wa Mbinya ulitaka kumshika. Lakini yeye alikuwa amesimama mahali pengine, penye msukumo mdogo zaidi, na mkono kwa mkono wangekuwa waya mmoja. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifumbata mpaka kucha zikamchoma.

"Siwezi. Buruta."

"Dada!"

"Buruta, nimesema!"

Muthoka alilia kama mtoto, mbele ya kijiji chote, na alijiburuta. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yote ambayo Mbinya amefanya kazi ya stima. Kisha akavuka mpaka penye usalama, yu hai, kisu bado kimekwama mkononi.

Mbinya akafungua mikono yake kumpokea. Muthoka akampita bila kumtazama, akaenda kumwangukia Ndunda kifuani.