Mlango Uliochaguliwa Kiganjo

Waliokuwa ndani ya gari ni hawa. Wairimu, mtoto wa kwanza wa kijana wangu Kariuki, anayebeba jina langu kama desturi yetu inavyotaka. Amesomea mambo ya siasa mpaka chuo kikuu, na sasa anatafuta kujua jinsi habari za simu zinavyogeuza kura za watu. Kwenye usukani, Barasa, mtu wa Bungoma, mwenzake wa chuoni. Kisha mimi, shosho, yaani nyanya yake, niliyepewa kiti cha mbele kwa sababu ya magoti.

Tuliondoka kwa sababu wazee walikuwa wakimfungia Wairimu milango. Vijana wanamjibu; wazee wanadhani ametumwa na mheshimiwa fulani. Alinipigia simu akikaribia kulia.

"Shosho, kazi ikiisha hivi, itakuwa ni kama nyinyi wazee hampigi kura. Imebaki nyumba moja Kiganjo, na wamenikataa mara mbili. Twende wakuone."

Ati nikatae? Nilitafuta viatu kabla hajakata simu.

Asubuhi, Kianyaga. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani chai. Tulipita Kerugoya tukila ndizi, na tulipokaribia Karatina, mlima ukajitoa wote, mweupe kichwani. Nikamwambia Barasa asimamishe gari.

"Tutachelewa, Shosho."

"Mlima haujionyeshi kila siku, wewe mtu wa Bungoma. Shuka usalimie."

Akashuka, akavua kofia.

Nyeri, saa ya chai. Hapa nilitaka kumsaidia mtoto, nikaharibu. Niko na rafiki pale, Muthoni, tuliyeimba naye kwaya tukiwa wasichana. Anapenda siasa kuliko chakula. Nikawapeleka kwake moja kwa moja, na Muthoni akaanza kujibu hata kabla hajaulizwa. Wairimu alisikiliza, akanywa chai, lakini hakuandika kitu.

"Mbona huandiki?" nikamuuliza.

"Nyumba hii haikuchaguliwa, Shosho. Kompyuta ilichagua nyumba bila kumjua mtu."

"Kwa hivyo mwenye kucheka anaachwa, anafuatwa aliyenuna?"

"Ukipika githeri, mahindi na maharagwe, unaonja ya juu tu?"

"Nakoroga kwanza."

"Basi. Nikiuliza tu wale wanaopenda kuongea, nimeonja ya juu."

Muthoni akapiga meza. "Kumbe mimi ni mahindi ya juu!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Kiganjo, jua likiwa utosini. Mwenye ile nyumba ni Nyaguthii, mjane wa rika langu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hata mkimleta nani, sina kura ya kuuza."

Nikamsalimia kwa Kikuyu, nikamwambia mimi ni Wairimu wa Kianyaga, na huyu msichana ndiye anayebeba jina langu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Ingieni. Mwizi hatembei na shosho yake."

Akatupatia uji. Kisha swali la kwanza kidogo lituvunje: Wairimu aliuliza wako watu wangapi hapo nyumbani. Nyaguthii akaweka kikombe chini.

"Watu hawahesabiwi! Unataka wafe?"

Ni kweli, kwetu mtu hahesabu watoto wake, na nilisahau kumwonya mtoto. Barasa ndiye aliyesema, polepole, "Hata nyanya yangu hahesabu wajukuu, mama. Anatuita kwa majina mpaka tuishe."

"Huyo ana akili."

"Basi tutajie majina, Shosho," Wairimu akadaka, akimgeukia Nyaguthii.

Nyaguthii akatutajia: kijana wake Maina, mke wa Maina anayeitwa Njoki, na yeye mwenyewe. Kila jina likaandikwa kwa kikaratasi chake na kutiwa ndani ya kiondo, maana wa kujibu ni mmoja tu. Nyaguthii akachomoa. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Jina lake! Nilipiga vigelegele kama wa harusi.

"Ukiletewa habari za uchaguzi kwa simu, unawatumia wengine?" Wairimu akauliza.

"Nawatumia."

"Kwa hivyo unaziamini?"

"Kuamini wapi! Nyingi ni uongo mtupu. Lakini ikitoka kwa bibi ya mchungaji, nikiinyamazia atasema nimemdharau. Natuma. Siku ya kura nafanya yangu."

Wairimu akamgeukia Barasa, macho yakimeta. "Sisi tulidhani kila anayetuma anaamini!"

"Lakini huyu ni mmoja," Barasa akasema. "Tutajuaje kama wako wengine?"

"Tunarudi kwa kila mlango."

"Milango yote?"

"Yote!"

Nilidhani kijana wa watu atalia. Wakacheka wote wawili, kama watu waliomwona mbuzi wao aliyepotea.

Jioni, njiani kurudi, walipanga maswali mapya kwa sauti kubwa mpaka Karatina, nami nikiwakatiza: liulizeni hivi, lile litaudhi watu. Nimejifunza kwamba ujumbe ukizunguka sana, si lazima uwe umeaminiwa. Pengine umeheshimiwa tu.

Sasa nyinyi kina mama wa grupu yetu ya simu pale Kianyaga, nimewaandikia nilivyokumbuka. Kama nimekosea jina la mtu au njia tuliyopita, niambieni kabla hamjawatumia wengine. Kunisahihisha si kunidharau.