Sahani ya Baba Mdogo

Juzi, kwenye kibanda cha chai hapa mtaani kwetu Gudele, nilimwona kijana mmoja anayenusa gundi akimiminiwa chai kwenye kopo la kuokota, sisi wengine tukinywea vikombe. Nikamkumbuka baba mdogo, Lado.

Kwetu tulikula wote kwenye sinia moja. Lado tu ndiye aliyekuwa na sahani yake, ya bati, yenye ua jekundu, akila karibu na mlango huku akinuka siko, ile pombe kali. Nilimwonea wivu. Nilifikiri amepewa cheo.

Mchana mmoja, asida, ugali wetu, ikifuka mvuke, baba alinipokonya jagi la kunawisha, kazi ya mtoto, akachuchumaa mbele ya mdogo wake, akamnawisha mikono. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiinama mbele ya mtu.

“Taal, Lado,” baba alimwita kwenye sinia. “Chakula kiko huku.”

Lado alimega tonge kwenye sinia letu, akalia. Nikadhani analilia sahani yake, nikakimbia kumletea. Mama akaipokea, akaitia maji, akawawekea kuku uani.

Lado hakuacha pombe mwaka ule, wala uliofuata. Lakini sahani ile ilibaki ya kuku mpaka ikatoboka.